Bei ya Kungoja

Mnunuzi wa kwanza mwenye pesa za kweli kuitaka nyumba ya marehemu mama yetu, Magomeni, alitaja shilingi milioni 130. Sisi tulikuwa tumetangaza milioni 240. Dalali aliyeleta habari hizo alizisema akiwa bado amesimama barazani, kiti alichopewa hakukikalia. Kaka yetu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, alipopata ujumbe alijibu kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mwambieni huyo akatafute banda la kuku." Mdogo wetu wa mwisho akamuunga mkono. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi katika nyumba hiyo, hakuandika kitu. Mimi nilikuwa msimamizi wa mirathi, jibu la kumpelekea dalali lilikuwa juu yangu, nikamwambia asubiri.

Nilimwambia asubiri kwa sababu kulikuwa na swali ambalo sisi wanne hatukuwahi kuulizana tangu tuamue kuuza. Juu ya thamani ya nyumba tulikuwa tumebishana sana. Juu ya gharama ya kungoja, na nani kati yetu anailipa, hatukuwa tumesema hata neno. Nami naamini kwamba ofa ndogo haipimwi kwa bei unayoitamani moyoni. Inapimwa kwa kile kitakachoendelea kutoka kila mwezi baada ya kuikataa, na kwa mfuko wa yule ambaye kinatoka kwake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, kama zilivyokuwa nyingi za Magomeni: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, uani jiko, choo na bafu. Eneo hilo lilipimwa viwanja wakati wa Waingereza, likiwa makazi ya Waafrika, ndiyo maana mitaa yake imenyooka na viwanja vyake ni vidogo. Mwalimu Nyerere naye alikuwa na nyumba Magomeni, na leo ni makumbusho. Baba alinunua kiwanja chetu kikiwa na vyumba vinne. Vingine viwili na ukuta wa uani vilijengwa na mama baada ya baba kufariki, kwa pesa za vitumbua na za mchezo wa kuchangiana kwa zamu aliocheza na kina mama wa mtaa. Wenzake zamu zao zikifika walinunua kitanda au vitenge. Zamu ya mama ikifika, lilikuja gari la tofali. Baadhi ya tofali hizo nilizibeba mimi kichwani, nikiwa darasa la tano, kutoka barabarani hadi uani.

Kwa hiyo tulipokaa kupanga bei, hatukupanga bei ya kiwanja. Tulipanga bei ya vitumbua. Milioni 240 aliitaja kaka, kwa hoja kwamba mwaka 2014 nyumba ya mtaa wa pili iliuzwa milioni 235, na uani wetu ni mkubwa kuliko wa kule. Hakuna aliyepinga. Mtoto gani angesimama mbele ya ndugu zake aseme jasho la mama lina bei ndogo kuliko la jirani?

Lakini kati ya mwaka 2014 na 2017, mwaka tuliokuwa tunauza sisi, mambo yaligeuka. Serikali ya awamu ya tano ilibana safari, semina na posho. Fedha za mashirika ya umma zilitolewa katika benki za biashara zikapelekwa Benki Kuu. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma. Mitaani kila mtu alikuwa na kauli moja: vyuma vimekaza. Magazeti yalijaa matangazo ya minada ya nyumba za watu walioshindwa kurejesha mikopo, na nyumba za aina hiyo zilikuwa zikishindana na yetu kwa mnunuzi yuleyule. Kisha mwaka 2017 zikavunjwa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya. Magomeni hatukuguswa, ila kila aliyesikia kwamba tuko karibu na Barabara ya Morogoro aliuliza kwanza kama ukuta una alama ya X ya kuvunjwa.

Tena kwetu mnunuzi wa nyumba ni mtu mwenye pesa mkononi. Mikopo ya nyumba ipo, lakini wakati ule riba yake ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na waliokuwa wakiichukua ni wachache mno. Ukikosa mwenye pesa taslimu leo, hujui mwingine atatokea lini.

Baadaye nilisoma utafiti wa wachumi wawili, David Genesove na Christopher Mayer, uliochapishwa mwaka 2001. Walifuatilia nyumba za ghorofa zilizouzwa katikati ya jiji la Boston katika miaka ya 1990, baada ya bei kuanguka. Waligundua kwamba wauzaji ambao wangeuza chini ya bei waliyonunulia walitangaza bei za juu kuliko wenzao wenye nyumba kama zao, na nyumba zao zilikaa sokoni muda mrefu zaidi. Walikuwa wameishikilia bei ya zamani, kama sisi tulivyoishikilia ya 2014 ambayo hata haikuwa yetu. Lakini kuna sehemu ya matokeo yao ambayo watu hupenda kuiruka: waliong'ang'ania na wakafanikiwa kuuza, kweli walipata bei ya juu kidogo. Kungoja kuna malipo yake. Kwa hiyo anayesema "tusubiri" hasemi upuuzi, na kumwita mwenye tamaa hakusaidii. Cha kumuuliza ni kwa gharama ya nani.

Kabla ya kumjibu dalali nilimwajiri mthamini aliyesajiliwa. Ripoti za wathamini wetu huwa na makadirio mawili: thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya haraka, yaani kile ambacho benki ingetarajia kupata ikilazimika kuuza bila kusubiri. Yetu ilisema milioni 186 kwa soko na milioni 139.5 kwa mauzo ya haraka. Niliisoma ripoti ile ukurasa kwa ukurasa na sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ya jengo. Ardhi ilibeba karibu thamani yote. Vyumba vya mama viliandikiwa umri wake, nyufa zake na uchakavu wake, na mwisho wake vikabaki na thamani isiyotosha kununua hata gari lililotumika. Niliumia. Lakini nilishukuru kuumia nikiwa peke yangu mezani kuliko kuumia mbele ya mnunuzi, kwa sababu muuzaji anayeumia barazani hufanya mambo mawili tu: ama hufukuza mtu, ama hukubali chochote ili maumivu yaishe.

Kisha nikamwita dada, nikamwomba anisaidie kuandika kwenye daftari kila kilichotoka na kila kisichoingia tangu tutangaze kuuza. Vyumba vitatu vilikuwa vya wapangaji, shilingi 60,000 kila kimoja kwa mwezi. Waliposikia nyumba inauzwa, walihama mmoja mmoja kodi zao zilipoisha, na hakuna aliyetaka kuingia kulipa miezi sita katika nyumba ambayo kesho haina mwenyewe. Bati la upande wa mashariki lilikuwa limetoboka, mvua zilikuwa zinakuja, na hakuna ndugu aliyekuwa tayari kutoa pesa za kuezeka nyumba inayouzwa. Kodi ya pango la ardhi ilikuwa na malimbikizo. Mpaka hapo hesabu ilikuwa ya kawaida.

Nikamuuliza, "Na wewe?"

Dada alikuwa ameacha biashara yake ya mgahawa ili amuuguze mama. Alikuwa na pagale Chamazi, kuta zimefika kwenye linta, halina paa. Tangu mama afariki alikuwa akingoja fungu lake ili aezeke ahamie. Pagale lisilo na mtu haliachwi salama: fremu mbili za milango zilikuwa zimeng'olewa na tofali zilizosalia zilibebwa usiku. Kuhusu deni la hospitali la mama, ambalo sote tulilijua kwa jumla, yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu kila mwisho wa mwezi, kwa sababu namba iliyoandikwa pale ilikuwa yake. Aliyasema haya yote akikunja na kukunjua pindo la kanga, bila kulalamika. Alimalizia kwa kusema, "Lakini msiuze kwa ajili yangu."

Nilifunga daftari nikijua kwamba bei ya kungoja ilikuwa inalipwa na mtu mmoja.

Tulikubaliana tangu msiba kugawa kwa sheria ya dini yetu, wanaume mafungu mawili na wanawake fungu moja. Wavulana wawili na wasichana wawili, jumla mafungu sita. Sina ubishi na mgawo huo. Lakini chukua kalamu ufuate hesabu. Tuseme tunasubiri tupate milioni 30 zaidi. Kaka atapata kumi ya ziada, mdogo wetu kumi, mimi tano na dada tano. Anayepata kidogo katika kusubiri ndiye anayelipa karibu gharama yote ya kusubiri, na anayepata zaidi yuko Muscat, ana mshahara, na usiku bati lake halivuji. Hili halikuwa kosa la mtu. Ndivyo mali ya urithi inavyokaa isipopigiwa hesabu. Kila aliyewahi kuwa msimamizi wa mirathi ameliona: mwenye sauti kubwa kwenye kikao mara nyingi ndiye asiye na haraka.

Jambo lililofuata lilikuwa kumwona mnunuzi kwa macho yangu. Dalali hakupenda. Alisema mzee ana shughuli nyingi, alisema atachukia, alisema biashara itaharibika. Nikamwambia bila kumwona hakuna biashara. Akaja naye Jumamosi mchana, mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu mzima wa kofia na viatu vya wazi, na nyuma yake fundi mwenye tepu ya kupimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Poleni na msiba."

Hakuingia hata chumba kimoja. Alisimama ukumbini, akaweka kidole gumba kwenye plasta karibu na mlango, akabonyeza kidogo. Mchanga ukamwagika chini, mstari mwembamba, ukaendelea kumwagika hata alipotoa kidole. Aliutazama bila kusema kitu. Fundi alikuwa nje anapima upande wa mbele, kona hadi kona, kisha akarudia. "Mita kumi na nne, mzee," akasema, na hapo ndipo niliona uso wa yule mzee ukichangamka kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza anataka kujenga nini. Akanijibu waziwazi: fremu nne za biashara mbele, stoo nyuma, na ghorofa juu Mungu akijalia. Nyumba ataivunja.

Nilikuwa nimeshaumia na ripoti ya mthamini, kwa hiyo sikuumia tena. Nilisikiliza. Mtu akikueleza anachokinunua, amekuonyesha bei yake inatoka wapi. Huyu hakuwa akinunua vyumba sita wala uani. Alikuwa akinunua mita 14 za kutazama barabara yenye watu, katika kiwanja chenye hati. Kila hoja niliyokuwa nimeiandaa kuhusu ukubwa wa vyumba na saruji ya uani nikaiweka pembeni.

Nikamwambia, "Mzee, milioni 130 kwa mbele ya mita 14 Magomeni, unatuonea."

Akashangaa. "Mia na thelathini? Dalali wako mimi nilimwambia mia na arobaini na tano."

Dalali akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake. Milioni 15 zilikuwa cha juu, ile pesa ambayo dalali huichomeka kati ya bei ya mnunuzi na bei anayoambiwa muuzaji. Sikumgombeza mbele ya mgeni. Nilimweleza tu kwamba asilimia 5 tuliyokubaliana iko palepale na nyingine haipo, na kuanzia siku ile mazungumzo ya bei yatafanyika sisi sote tukiwa tumekaa pamoja. Ningekuwa nimekataa ile ofa ya kwanza kwa hasira, ningekuwa nimekataa bei ambayo mnunuzi hakuitaja. Wangapi wamemfukuza mtu kwa neno ambalo hakulisema?

Tuliendelea. Nilimwambia hati ni safi, ipo kwa jina langu kama msimamizi, barua ya usimamizi ya Mahakama ya Mwanzo hii hapa, warithi wote wanne wana akili timamu na watasaini, na hakuna mpangaji hata mmoja wa kumtoa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajua uzito wa maneno hayo. Amewaona wenzake walionunua kwa kaka mtu, halafu dada mtu akaenda mahakamani, na nyumba ikakaa na zuio mpaka wajukuu. Niliyaona maneno yale yakifanya kazi kuliko saruji yote ya mama. Akapanda hadi milioni 150, akanywa maji, akapanda hadi 156, akasimama. "Mama, hapo nimefika. Pesa yote kwa mara moja, na huyo ndugu yenu aliyemo nampa miezi mitatu ya kuhama." Nikamwomba siku chache.

Katika siku hizo chache ikaja ofa nyingine, milioni 190, kutoka kwa mume na mke watumishi. Mdogo wetu alifurahi sana. Nilikwenda kuzungumza nao. Walikuwa na milioni 40. Nyingine zingetoka benki, kwa mkopo ambao hawakuwa wameuomba bado, na walitaka hati ihamishiwe kwao kwanza ndipo waitumie kama dhamana. Walikuwa watu wema, nami niliwaamini. Lakini wema wao haungeidhinisha mkopo. Kama benki ingekataa, nyumba ingekuwa kwa jina lao, sisi tungekuwa na milioni 40, na dada angekuwa hana pa kukaa wala pa kuezeka. Mama mdogo, aliyekuwepo nilipowaeleza wenzangu, alisema mara moja tu, "Kenda shika si kumi nenda uje," akaendelea kuchambua mchele.

Kikao chenyewe tulikifanya Jumapili, kaka akiwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya mkeka. Alianza yeye. Alisema subira yavuta heri. Alisema bei zitarudi, kila kitu Dar es Salaam hurudi. Alisema mama hakuchoma vitumbua alfajiri miaka yote ile ili mtu aje avunje kwa milioni 156. Sauti yake ilikatika hapo, na sisi sote tulinyamaza, kwa sababu alikuwa anasema kilichokuwa moyoni mwa kila mmoja wetu. Mdogo wetu akamjibu kwa upole kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Nilisoma daftari. Kodi za wapangaji zilizokosekana, bati, malimbikizo ya ardhi, deni la hospitali na simu zake, pagale la Chamazi na milango yake. Nilisoma na mgawo wa zile milioni 30 za kusubiriwa, nani anapata ngapi. Kaka akasema, "Sasa unanifanya mimi ndiye mbaya."

"Hapana kaka. Wewe unaamini nyumba hii ni ya milioni 240, na inawezekana uko sahihi. Basi inunue. Tulipe sisi watatu mafungu yetu kwa bei hii aliyotoa mzee, nyumba ibaki kwako, uisubiri bei yake kwa raha zako, na ziada yote iwe yako. Mimi nitasaini kesho."

Nilimaanisha kila neno. Anayekataa milioni 156 kwa nyumba ambayo angeweza kuiuza leo ni sawa na anayeinunua nyumba hiyo leo kwa milioni 156: pesa zilezile zilizokuwa zimfikie mkononi anazirudisha ukutani. Tofauti ni kwamba anayenunua anajua amenunua, anahesabu, anajiuliza kama hizo pesa hazina kazi nyingine. Anayekataa hudhani hajafanya kitu. Mafungu yetu watatu yalikuwa manne kati ya sita, zaidi ya milioni 100. Kaka alinyamaza kwa muda mrefu, tukasikia feni ya chumbani kwake. Kisha akasema hana pesa hizo, na hata angekuwa nazo, asingeziweka zote kwenye nyumba moja inayovuja.

"Na dada je? Yeye ameziweka zote humo," mdogo wetu akasema.

Hakuna aliyeongeza neno. Kaka alisema tuuze, na akasema wazi kwamba haridhiki. Nilimshukuru kwa yote mawili. Katika mirathi, ridhaa ya mtu asiyeridhika ina thamani kubwa, kwa sababu ameitoa huku anaona.

Mambo ya kuuza yalifuata njia yake. Mkataba ulisainiwa kwa wakili, pesa zikaingia benki kwenye akaunti tuliyoifungua kwa ajili ya mirathi kabla sijaachia hati, na sikukubali kuhesabiwa noti barazani ingawa dalali aliniambia ndivyo wengi wanavyofanya. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wakati ule ilikuwa asilimia 10 ya faida, hulipwa na muuzaji kabla ya hati kuhamishwa, na ajabu ni wauzaji wangapi huikumbuka baada ya kugawana. Mtu akikutajia bei, usiilinganishe na kitu kingine chochote mpaka umetoa kodi, dalali, wakili na madeni. Kwetu milioni 156 zilibaki 138. Fungu moja likawa milioni 23: dada 23, mimi 23, kaka 46, mdogo wetu 46. Deni la hospitali lilikatwa kwanza, kabla ya mgawo, kama dini na sheria zinavyotaka, na hapo simu za mwisho wa mwezi zikakoma. Nilirudisha hesabu mahakamani kwa fomu, wote wanne wakiwa wamesaini.

Dada aliezeka Chamazi kabla ya miezi mitatu kwisha. Alihamia kukiwa hakuna dari wala vioo, akaweka nyavu madirishani, akafungua genge mbele. Sitasema maisha yake yaligeuka, maana milioni 23 si nyingi ukishanunua bati, mbao, waya na tangi la maji. Alipata pa kulala pake.

Bei zilirudi, kama kaka alivyosema. Vyuma vililegea kidogo kidogo. Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa mapya ya Magomeni Kota, pale zilipokuwa kota za zamani zilizovunjwa muongo mmoja nyuma, na kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa zikapewa nafasi ya kurudi. Eneo lote likapanda chati. Mzee wa Kariakoo alikuwa ameshajenga fremu zake nne na ghorofa moja juu. Mwaka huohuo nyumba ya Kiswahili mtaa wa jirani, ndogo kuliko yetu, iliuzwa milioni 280, na kaka alizipata habari hizo Muscat kabla yangu mimi niliyeko Dar es Salaam.

Akanipigia. Hakuwa na hasira, alikuwa na hesabu. Milioni 280 toa 156, gawa kwa mafungu. Alisema, "Miaka mitano tu, mdogo wangu. Mitano tu tungevumilia."

Nikamwambia hesabu yake ni sahihi isipokuwa neno moja. Tungevumilia nani? Mvua za miaka mitano zingemnyeshea nani, simu za hospitali angepokea nani, na lile pagale mwisho wake lingebaki na tofali ngapi? Nikamkumbusha pia kwamba mwaka 2017 hakuna aliyejua kama ni miaka mitano au kumi na mitano, na kwamba milioni 46 zake zilikuwa mkononi mwake muda wote huo. Akasema alizinunulia kiwanja Kigamboni. Nikamuuliza nacho kimepanda? Akacheka, akasema kimepanda vizuri.

Lakini hakukubali. Mpaka leo anaamini tuliuza mapema, na akija likizo hulisema mbele ya dada, na dada humwambia waziwazi kwamba nyumba ingeuzwa tena kwa bei ileile angesaini. Kila mmoja anajua mwenzake anamaanisha. Mimi niko upande wa dada.